Foni moja kwa kazi mbili? Somo kuhusu radio ya motokari



Muzee mumoja aliyemaliza miaka yake ya kazi katika kariere alituletea ulizo, na tumeona kwamba ulizo lake linafaa kuwa somo kwa watu wote.

Mutoto wake wa kwanza anaendesha kamio kubwa huko Marekani. Wa pili yuko hapa kwetu: anaendesha kamioneti ya mukandarasi, na kila siku anaingia nayo katika kariere. Yule wa Marekani ameandika barua. Anataka kufunga ndani ya kamio yake foni moja tu ya kusema na kusikia, ifanye kazi mbili: azungumze na mashofa wenzake katika CB, na pia azungumze na watu wa radioamateri, sababu anajifunza kwa ajili ya mutihani wao. Muuzaji amemwambia: «Chukua hii. Nitakata uzi mudogo ndani yake, nayo itasema pande zote mbili.» Ikiwa ni nzuri, kijana atanunua nyingine kama hiyo na kuituma kwa mudogo wake.

Muzee anauliza: «Je, nimuambie anunue?»

Jibu liko mwishoni mwa somo. Lakini usiruke kurasa, musomaji. Mutu anayepewa jibu bila sababu zake analisahau kabla ya kufika kwake nyumbani.

1. TUJUE KWANZA HIZI FONI MBILI

CB ni radio ya raia. Huko Marekani serikali iliifungua kwenye mawimbi ya megahezi 27 mwaka 1958, kusudi mutu wa kawaida, shofa, mulimaji ao mwenye duka, aweze kusema na mwenzake bila kusoma mambo ya radio. Mwanzoni ilikuwa na kanali 23. Tangu mwaka 1977 ina kanali 40, kuanzia megahezi 26,965 mupaka 27,405. Mutu hahitaji mutihani wala karatasi ya ruhusa. Kanali ya 9 imewekwa kwa ajili ya hatari na kusaidia wasafiri. Kanali ya 19 ndiyo mashofa wa kamio wamezoea kusikiliza: hapo wanaambiana kuhusu barafu, aksida na barabara iliyofungwa.

Nguvu ya CB ni ndogo. Sheria inaruhusu wati 4 kwa sauti ya kawaida, ile inayoitwa AM, na wati 12 kwa ile ya upande mumoja, inayoitwa SSB. Tangu mwaka 2021 inaruhusu pia FM. Kutoka motokari mupaka motokari, inafika kilometa chache, ao zaidi kidogo mahali palipo wazi. Kwa shofa hiyo inatosha, sababu anayehitaji kumusikia ni yule aliye mbele yake.

Radioamateri ni jambo lingine. Hao ni watu wanaopenda radio yenyewe: wanajifunza, wanatengeneza, wanasema na inchi za mbali, na wakati wa tufani ao mafuriko wanasaidia kupitisha habari. Kila mumoja amefanya mutihani na amepewa jina lake la hewani lenye herufi na namba. Ya kwetu Congo yanaanza na 9Q. Huko Marekani kuna madaraja matatu, na mutihani wa daraja la kwanza una maulizo 35. Zamani ililazimu kujua pia alama za Morse, lakini sharti hilo liliondolewa mwaka 2007.

Radioamateri wana mawimbi mengi. Yanayohusu somo letu ni yale ya meta 10, yaani megahezi 28,0 mupaka 29,7. Mwenye daraja la kwanza anaweza kutumia humo mupaka wati 200, tena kwa sauti anabaki kati ya 28,3 na 28,5. Wakati jua lina nguvu nyingi, jambo linalorudi kila miaka 11 hivi, mawimbi hayo yanaweza kuvuka bahari muchana kweupe. Lakini wakati jua limelala, yanafika karibu tu sawa na CB. Kwa mazungumuzo ya karibu, radioamateri wengi wanatumia mawimbi ya megahezi 144 mupaka 148, yanayopita katika minara ya kurudishia sauti iliyowekwa juu ya milima.

Kuna tofauti nyingine ya kukumbuka. Radioamateri haruhusiwi kufanya biashara hewani. Shofa hawezi kumuuliza tajiri wake huko: «Muzigo nishushe wapi?» Hiyo ni kazi ya CB, ya simu, ao ya foni ya kampuni.

2. KWA NINI WATU WANATAFUTA MOJA KWA KAZI MBILI

Angalia namba hizo tena. CB inaishia kwenye 27,405. Meta 10 za radioamateri zinaanzia kwenye 28,000. Ni majirani: kati yao hata megahezi moja nzima haimo. Kwa hiyo antene ya mumoja inakaribia kumufaa mwingine, na mashine ya mumoja inaweza kugeuzwa kidogo iseme kwa jirani.

Hapo ndipo biashara ilipoingia. Kuna foni zinazouzwa kwa jina la «foni ya meta 10». Kwa nje ni za radioamateri. Lakini zimetengenezwa namna ambavyo ukikata uzi mumoja ao ukibadilisha kifungo kimoja ndani, zinashuka na kusema katika CB, tena kwa nguvu kupita ile inayoruhusiwa. Ndiyo ile muuzaji aliyomuonyesha kijana wetu.

Kijana ana sababu za kuitamani. Ndani ya kamio nafasi ni ndogo, feza ni kidogo, na mashine moja inasumbua kidogo kuliko mbili. Hatumucheki. Lakini tuangalie sheria.

3. SHERIA INAPIMA MASHINE AO INAPIMA MUTU?

Hii ndiyo sehemu ya kushika sana.

Katika CB serikali haikumupima mutu. Kila mutu anaweza kushika mikro na kusema. Basi, kusudi hewa isiharibike, serikali inapima mashine. Kila foni ya CB inayouzwa Marekani inapaswa kuwa imepimwa na kukubaliwa na FCC, ofisi inayosimamia mawimbi ya radio. Inapaswa kusema katika zile kanali 40 tu, na nguvu yake isipite kipimo. Hakuna ruhusa kuifungua na kuigeuza, wala kuiongezea mashine ya kukuza nguvu.

Katika radioamateri ni kinyume. Serikali imemupima mutu kwa mutihani. Kisha inamuacha atumie karibu mashine yoyote, hata ile aliyoitengeneza mwenyewe juu ya meza yake. Yeye ndiye atakayejibu ikiwa mawimbi yake yanasumbua wengine.

Sasa weka mambo hayo mawili pamoja. Foni ya radioamateri haikupimwa kwa ajili ya CB, basi haina ruhusa kusema katika CB, hata ikiwa mwenyewe ni radioamateri mwenye karatasi zote. Na foni ya CB ikifunguliwa na kugeuzwa, imepoteza kukubaliwa kwake: radioamateri anaweza kuitumia kwenye mawimbi yake, lakini haiwezi tena kurudi katika CB. FCC haikubali mashine moja ya CB ambayo inaweza kusema pia kwenye mawimbi ya radioamateri.

Kwa hiyo, katika Marekani, mashine moja ya kusema pande zote mbili kwa sheria haipo. Muuzaji anayesema ipo anauza hatari. Mutu akikamatwa anaweza kulipa feza, na radioamateri anaweza kupoteza ile karatasi aliyoisomea miezi mingi. Na muuzaji hatakuwapo siku hiyo.

Kuna jambo moja ambalo halikatazwi: kusikiliza. Foni nyingi za radioamateri zinasikia mawimbi ya CB vizuri sana bila kugeuzwa kitu. Kusikia si kusema.

Mutu atauliza: «Na kama kuna mutu anakufa kando ya barabara?» Sheria ya radioamateri ya Marekani imefikiri jambo hilo. Ikiwa maisha ya mutu yako katika hatari ya papo hapo na njia za kawaida za kupeleka habari hazipo, radioamateri hazuiliwi kutumia njia yoyote aliyo nayo. Lakini hiyo ni kwa siku ya hatari. Mutu asiifanye sababu ya kila siku.

4. BASI ACHAGUE NAMNA GANI?

Njia ya kwanza: CB peke yake. Kwa shofa ambaye hajafanya mutihani, hii ndiyo njia. Anunue CB ndogo iliyokubaliwa, na aangalie alama ya kukubaliwa kwenye mugongo wake. Ikiwezekana iwe na SSB, sababu inafika mbali kuliko AM. Iwe na kifungo cha kunyamazisha makelele, namba zake zionekane wazi usiku, na mikro yake iwe na waya murefu wa kufika mukononi bila shofa kuinama.

Njia ya pili: mashine mbili. Mutihani ukiisha kupita, aongeze foni ya radioamateri. Foni nyingi za leo zinagawanyika: uso wake mudogo unafungwa karibu na shofa, na sanduku lenyewe linakaa chini ya kiti. Kwa hiyo ile sababu ya nafasi ndogo haina tena nguvu kama zamani.

Njia ya tatu: foni ya radioamateri inayosikia CB, pamoja na CB ndogo sana ya kusema. Anasikiliza pande zote mbili katika mashine nzuri, na akitaka kumujibu shofa mwenzake anashika mikro ya CB.

Na antene? Hapo kweli moja inaweza kusaidia wawili. Fimbo ya meta 2,6 hivi inafaa CB. Kwa megahezi 28,4 inatakiwa kupunguzwa mupaka karibu meta 2,5. Lakini shika mambo mawili. La kwanza, usiunge foni mbili kwenye antene moja kwa wakati mumoja: ukisema katika moja, nguvu yake inaingia katika nyingine na kuiunguza. Weka kifungo cha kuchagua, kinachounga moja na kuachanisha nyingine. La pili, pima antene kwa kila foni. Kipimo kinachoitwa SWR kinaonyesha nguvu ngapi inatoka na ngapi inarudi nyuma. Moja kwa moja ni vizuri kabisa. Ikipita tatu kwa moja, usiseme. Nguvu inayorudi inapasha foni moto mupaka inakufa.

5. KUFUNGA FONI BILA KUCHOMA MOTOKARI

Foni nzuri iliyofungwa vibaya ni moto unaongojea siku yake.

a) CB ya wati 4 inakunywa umeme kidogo, karibu ampere 2. Foni ya radioamateri ya wati 100 inakunywa karibu ampere 20 wakati wa kusema. Hiyo usiiunge kamwe kwenye tundu la kuwashia sigara. Nyuzi zake ni nyembamba. Zitapata moto nyuma ya dashbodi, mahali ambapo hauoni.

b) Nyuzi zitoke moja kwa moja kwenye batri, ziwe nene, na fizible iwe karibu kabisa na batri. Fizible ni kale kauzi kanakokubali kuungua ili motokari isiungue. Usibadilishe fizible na kipande cha waya ao karatasi ya sigara. Mutu anayefanya hivyo amemufukuza mulinzi wake mwenyewe.

c) Mahali uzi unapopita katika chuma, weka mupira wa kuukinga. Chuma kinakata uzi polepole, kila siku kidogo kidogo, katika mutetemeko wa barabara.

d) Kamio kubwa nyingi za kwetu zinatumia volti 24, yaani batri mbili za volti 12 zilizofuatana. Foni nyingi za motokari zinataka volti 12. Ukiiunga kwenye 24, inakufa papo hapo. Wengine wanachukua volti 12 kwenye batri moja kati ya zile mbili: nayo ni vibaya, sababu batri moja inachoka na nyingine inapewa umeme kupita kiasi, na zote mbili zinaharibika mapema. Dawa ni kale kasanduku ka kugeuza volti 24 kuwa 12, kenye nguvu ya kutosha kwa foni yako.

e) Funga sanduku kwa bulo. Foni ya kilo 2 iliyowekwa tu juu ya dashbodi, siku ya kugongana inaruka kama jiwe. Usiifunge pia mbele ya mufuko wa hewa unaofunguka kumulinda shofa.

f) Pima urefu. Kamio ya meta 3 na antene ya meta 2,6 inakaribia meta 6. Juu ya barabara za kariere kuna nyuzi za umeme mukubwa, na kwenye reli ya treni za umeme vilevile. Si lazima chuma iguse: umeme mukubwa unaruka. Tumia antene fupi, ao ilaze na kuifunga kabla ya kupita.

6. FONI NA BARUTI: HAPA HAKUNA MUCHEZO

Tumefika kwenye sababu kubwa ya somo hili kuwa kwenye ukurasa wa usalama. Tunamusemesha yule kijana wa pili, mwenye kamioneti.

Detonateri ya umeme ni kale kachuma kadogo kanakowasha baruti. Kana nyuzi mbili ndefu. Umeme mudogo ukipita ndani yake, kanalipuka. Sasa, uzi murefu ni kitu gani? Ni antene. Foni ikisema karibu, nyuzi zile zinapokea mawimbi yake sawa na antene yoyote, na umeme unatembea ndani yake bila mutu kuugusa. Nyuzi za meta chache zinafaa zaidi kupokea mawimbi ya kama meta 10 ao 11, na hayo ndiyo mawimbi ya CB na ya ile foni ya radioamateri. Nguvu ya foni ikiongezeka, hatari inafika mbali zaidi. Kwa hiyo foni iliyokatwa uzi ili iseme kwa nguvu ni mbaya mara mbili: mutu wa baruti amepima umbali wake kwa foni anazozijua, naye hajui kwamba hiyo yako inapita kipimo.

Katika kazi za ujenzi huko Marekani, sheria inasema radio ya motokari iliyo karibu kuliko futi 100, yaani karibu meta 30, na detonateri za umeme zilizotolewa katika sanduku lake, inapaswa kuzimwa na kufungwa kabisa isiweze kuwashwa. Usichukue meta 30 hizo kuwa ruhusa yako. Katika kariere yako fuata kibao kilichowekwa na mukubwa wa baruti. Ikiwa kibao kinasema meta 300, ni meta 300.

Leo kazi nyingi zinatumia detonateri za neli, ambazo haziwashwi na umeme na hazipokei mawimbi ya radio kwa njia hiyo. Ni maendeleo mazuri. Lakini wewe shofa, ukiwa kwenye usukani, utajuaje leo wamefunga za namna gani? Haujui. Basi fanya kana kwamba ni zile za umeme.

Kuzima maana yake ni kuzima. Si kupunguza sauti, si kunyamaza. Kifungo cha mikro kinaweza kubanwa na goti, na koti ao na mufuko, na foni ikasema bila wewe kujua. Bonyeza kifungo cha nguvu mupaka mwanga ufe. Simu ya mufukoni nayo ni radio: izime vilevile.

Tena, usiingize katika kariere foni yako mwenyewe bila kumuambia mukubwa wako na watu wa usalama. Foni za kampuni zimepewa mawimbi yake na zimehesabiwa. Foni ya mugeni haikuhesabiwa. Na katika inchi yetu, kama katika inchi nyingine, mashine ya kusema hewani inataka ruhusa ya serikali. Zawadi iliyotoka Marekani haiji na ruhusa ya Congo ndani ya karatoni.

7. MACHO BARABARANI

Motokari inayokimbia kilometa 60 kwa saa inapita karibu meta 17 kila segonde. Ukiangalia namba za foni segonde 2 tu, umetembea meta 33 kama kipofu. Mutoto anavuka barabara ndani ya meta 5.

Chagua kanali kabla ya kuondoka. Mazungumuzo marefu yangojee maegesho. Maneno yawe mafupi: wewe ni nani, uko wapi, kuna nini, unaomba nini. Shofa anayepiga hadisi hewani anamufunga mulango mwenzake mwenye hatari. Katika CB ya Marekani, mazungumuzo ya watu hayapaswi kupita dakika 5 mufululizo. Kisha wanaachia wengine nafasi.

8. KWA MAMA WA NYUMBA NA WATOTO

Wakati baba ao kijana anasema katika foni, mutoto asiguse antene. Inaonekana kama fimbo ya kawaida, lakini nguvu ya radio inaweza kuunguza ngozi kwenye ncha ya kidole, na kidonda chake kinaingia ndani. Foni ya wati 100 inaomba watu wakae mbali na antene wakati wote wa kusema. Mvua ya radi ikikaribia, acha kusema, achanisha antene ikiwa iko nyumbani, na usisimame karibu nayo.

MAULIZO YA KUJIPIMA

Baba asome, watoto wajibu, kisha wabadilishane.

1. Katika CB serikali imepima kitu gani, na katika radioamateri imepima kitu gani?
2. Foni ya radioamateri inaweza kusikiliza CB. Je, inaweza kusema humo?
3. Kamio yako ina volti 24 na foni yako inataka 12. Utafanya nini, na ni nini usifanye?
4. Umeona kibao cha baruti mbele yako. Umepunguza sauti ya foni kabisa. Je, umezima?
5. Kwa segonde 2, kwa kilometa 60 kwa saa, umepita meta ngapi?

Ikiwa jibu la ulizo la 4 limekuwa «ndiyo», rudi kwenye sehemu ya 6 na usome tena kabla ya kwenda kazini kesho.

JIBU KWA MUZEE

Muzee wetu, muandikie mutoto wako wa Marekani maneno haya. Asimupe feza yule muuzaji. Anunue leo CB ndogo iliyokubaliwa, aifunge vizuri, asikilize kanali ya 19 na akumbuke kanali ya 9. Aendelee na masomo yake. Siku atakapopita mutihani, anunue foni ya radioamateri, nzima, bila uzi uliokatwa. Mashine mbili zitamugharimu zaidi kidogo, lakini usiku atalala.

Na ile ya pili asiitume. Mudogo wake anaingia kila siku mahali penye baruti, na humo foni yake ni ile kampuni iliyomupa. Ikiwa anataka kumutumia zawadi, amutumie viatu vya kazi, ao kofia nzuri ya kichwa.

Wahenga walisema: mushika mbili, moja humuponyoka. Katika kariere, kinachoponyoka si foni peke yake. Kinaweza kuwa mukono wa yule mutu wa baruti uliyemusalimu asubuhi, ambaye mama na watoto wake wanamungojea jioni kama wewe unavyongojewa.

Kazi njema, na murudi salama.